Majina ya Watu Midomoni Mwetu: Volti, Wati, Dizeli na Mpemba

Hotuba iliyotolewa Kirumba, jijini Mwanza, mbele ya mafundi umeme, wavuvi wa dagaa, wauzaji wa vifaa vya sola, walimu na wanafunzi wa sekondari. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizooneshwa ukutani zimeachwa.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu wa mwalo, mafundi, kina mama wa dagaa, walimu na wanafunzi: mwangaluka! Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo? Itifaki yote imezingatiwa.

Asubuhi hii, kabla hamjaketi kwenye viti hivi, kila mmoja wenu ameshawataja marehemu watatu au wanne. Aliyenunua uniti za LUKU amemtaja James Watt wa Uskoti. Aliyeuliza dukani betri ni ya volti ngapi amemtaja Alessandro Volta wa Italia. Aliyejaza dizeli kwenye mashine ya kusaga amemtaja Rudolf Diesel wa Ujerumani. Aliyetafuta kituo cha redio kwenye megahezi amemtaja Heinrich Hertz, Mjerumani aliyefariki mwaka 1894 akiwa na miaka 36 tu. Na aliyeulizia bomba la GI, yaani la chuma cha galvanaizi, kwenye duka la vifaa vya ujenzi amemtaja Luigi Galvani kwa herufi moja, ile G.

Kwa nini hawa? Isaac Newton anawazidi wote kwa umaarufu. Kipimo chenye jina lake kipo, kinapima nguvu ya kusukuma na kuvuta, na wanafunzi hapa wanakijua. Lakini nani aliwahi kufika Mwaloni akaomba newtoni ishirini za chochote? Albert Einstein anajulikana na watoto wa shule ya msingi. Kuna hata elementi yenye jina lake, namba 99, na hakuna duka duniani linaloiuza kwa kilo.

Basi umaarufu siyo unaoligeuza jina kuwa neno. Ninachotaka tukielewe leo ni hiki: jina la mwanasayansi huwa neno la kila siku pale watu wawili wasiojuana wanapolazimika kukubaliana juu ya kiasi cha kitu wasichoweza kukiona. Muuzaji na mnunuzi. Fundi na mwenye nyumba. Kiwanda cha mbali na mvuvi wa Ukerewe. Wakishalihitaji jina kwa kazi, jina linashika. Wasipolihitaji, linabaki kwenye vitabu, hata mwenye jina angekuwa nani.

Turudi mwaka 1858, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri, maana mwaka huo unatuhusu sisi wa Mwanza. Tarehe 3 Agosti 1858, John Hanning Speke alisimama juu ya kilima karibu na hapa tulipo, akaliona ziwa, akaamua kulipa jina la malkia wake, Victoria. Wenyeji walikuwa na majina yao ya ziwa hili tangu zamani, lakini ramani zilifuata kalamu ya Speke. Siku mbili tu baadaye, tarehe 5 Agosti, meli zilimaliza kutandaza waya wa simu ya maandishi chini ya bahari ya Atlantiki, kutoka Ireland hadi Newfoundland. Tarehe 16 Agosti, malkia huyohuyo Victoria alimtumia Rais Buchanan wa Marekani salamu kupitia waya huo. Salamu ya maneno 98. Ilichukua saa zipatazo 16 kufika!

Wiki chache baadaye waya ulikufa. Kwa nini ulikufa? Msimamizi wa umeme wa mradi, Wildman Whitehouse, aliyesomea udaktari wa watu, aliona ujumbe unafika hafifu, akaongeza msukumo hadi karibu volti 2,000 kwa hesabu ya leo. Kihami cha waya ule, yaani gamba linalozuia umeme usitoke nje, hakikuwa cha kustahimili hilo. William Thomson, ambaye baadaye tulimjua kama Lord Kelvin, alikuwa na chombo chepesi cha kioo kinachosoma mkondo mdogo kabisa, na hakuhitaji msukumo mkubwa namna ile. Lakini angalieni tatizo lililokuwa chini ya ugomvi wao: hapakuwa na kipimo wanachokubaliana. Mwingereza alipima ukinzani wa waya, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme kupita, kwa maili ya waya wa shaba namba 16. Mfaransa alipima kwa kilometa ya waya wa chuma wenye unene wa milimita 4. Mjerumani alikuwa na maili yake ya Kijerumani na waya wake wa chuma namba 8. Kiwanda kilipouza waya, mnunuzi wa nchi nyingine hakujua amenunua nini.

Mwaka 1861 wahandisi wawili wa nyaya za baharini, Latimer Clark na Charles Bright, wakaleta pendekezo mbele ya chama cha sayansi cha Uingereza kilichokutana Manchester: vipimo vya umeme vipewe majina, na majina hayo yatokane na wanasayansi. Tazameni ni akina nani waliodai majina. Hawakuwa maprofesa. Walikuwa watu wa kutandaza waya na kuuza huduma, waliochoka na hasara. Tena katika pendekezo lao, volti ilikuwa jina la ukinzani, na jina la Ohm ndilo lililopima msukumo. Baadaye yakabadilishana nafasi. Ingekwenda walivyotaka wao, leo tungeuliza betri ya omu kumi na mbili!

Mwaka 1881 mkutano wa kimataifa wa umeme mjini Paris ukapitisha majina matano: ohm, volt, ampere, coulomb na farad. Mjerumani mmoja, Mwitaliano mmoja, Wafaransa wawili, Mwingereza mmoja. Mataifa yale yalikuwa yakishindana kwa kila jambo, na bado walikubali kugawana majina, maana bila hivyo kila nchi ingeng'ang'ania kipimo chake. Mwaka uliofuata, William Siemens akapendekeza wati. James Watt alikuwa amekufa tangu 1819, hajawahi kuwasha hata balbu moja. Sifa yake ilikuwa injini ya mvuke, na kuipima injini kwa nguvu ya farasi ili wamiliki wa migodi wajue wananunua nini. Farasi wake bado yupo kwenye mashine zetu: mota ya hosipawa 10 ni sawa na kilowati 7.46.

Sasa niseme jambo la pili. Jina likishakuwa neno, linaanza safari zake lenyewe, na mara nyingi linahamia kwenye kitu ambacho mwenye jina hakukifanya.

Galvani alikuwa daktari wa Bologna. Aligundua kuwa mguu wa chura aliyekufa unaruka ukiguswa na metali mbili tofauti zilizoungana, akaandika habari zake mwaka 1791, akiamini umeme unatoka ndani ya mnyama. Volta akabisha kwamba chanzo ni metali mbili zenyewe. Mwaka 1800 akapanga visahani vya zinki na vya fedha, katikati vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi, na umeme ukatiririka pasipo chura. Ndiyo betri ya kwanza. Lakini chuma cha galvanaizi kinahusiana vipi na chura? Galvani hakuwahi kupaka zinki kwenye chuma. Aliyechukua hataza ya kuchovya chuma kwenye zinki iliyoyeyuka, kwenye joto la nyuzi karibu 450, ni Stanislas Sorel wa Paris, mwaka 1837, miaka mingi baada ya Galvani kufariki. Sorel aliliazima jina kwa sababu alielewa kwamba zinki inakilinda chuma kwa umeme uleule wa metali mbili: maji yakiingia, zinki ndiyo inayoliwa kwanza, chuma kinabaki.

Mafundi bomba, hili ni lenu. Mnapounga bomba la GI moja kwa moja na kiungo cha shaba, mmetengeneza betri ya Volta ndani ya ukuta wa mteja. Maji ndiyo kitambaa cha chumvi. Zinki ya kwenye kiungio inaisha haraka, kisha kutu inaanza palepale kwenye uzi wa kufungia bomba. Weka kiungo cha plastiki katikati. Na mnapochomelea bomba au bati la galvanaizi, zinki inaungua na kutoa moshi mweupe unaoleta homa na kifua kubana. Saga zinki itoke kwanza mahali pa kuchomelea, fanya kazi penye upepo, kisha paka rangi ya zinki pale palipobaki wazi, maana pale hapana tena ulinzi.

Diesel naye jina lake limehama. Alichobuni ni injini, siyo mafuta. Alipata hataza mwaka 1893, na mwaka 1897 kule Augsburg injini yake ikafanya kazi barabara. Siri yake ni kwamba haina plagi ya kuwasha. Inabana hewa mara 15 hadi 20 mpaka hewa yenyewe inapata joto la zaidi ya nyuzi 500, kisha mafuta yananyunyizwa na kuwaka yenyewe. Kwenye maonesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Karanga, wazee wangu! Kwa hiyo mtu anaposema "weka dizeli", anataja jina la injini na kumimina mafuta.

Kuhama huku kuna hasara pale mtu anaposahau kwamba neno linabeba utaratibu wa mashine. Ukiweka petroli kwenye injini ya dizeli, kinachoharibika kwanza ni pampu ya mafuta na nozeli, kwa kuwa vinalainishwa na dizeli yenyewe na petroli inaosha ule ulaini. Vyuma vinasagana. Ukigundua kabla ya kuwasha, usiwashe kabisa. Fungua tangi, mwaga yote, badilisha chujio, jaza upya, toa hewa kwenye mfumo. Ukishawasha na kwenda, andaa fedha ya pampu. Diesel mwenyewe alitoweka usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 akiwa melini kuvuka kwenda Uingereza, mwili wake ukaonekana baharini siku kadhaa baadaye. Jina lake liko kwenye kila kituo cha mafuta kuanzia Igoma hadi Sengerema.

Na yupo ambaye jina lake lilikataa kuja kwetu. Wilhelm Röntgen aligundua miale yake tarehe 8 Novemba 1895. Mwenyewe aliiita X, alama ya kisichojulikana. Mwezi Januari 1896, kwenye mkutano alioeleza ugunduzi huo, mwanasayansi mzee aitwaye Kölliker alipendekeza iitwe miale ya Röntgen, na ukumbi ukashangilia. Wajerumani wanaitumia hivyo hadi leo: kwao kwenda kupigwa picha ya mfupa ni jina lake hasa, limegeuzwa kitenzi. Sisi tumepokea eksirei kutoka kwa Waingereza. Ugunduzi ni uleule na mgonjwa ni yuleyule, lakini neno lilifuata mlango ambao mashine iliingilia.

Sasa tuje kwenye biashara, maana hapa ndipo jina lisiloeleweka linapomla mtu fedha. Wavuvi wa dagaa, mlitoka kwenye karabai za mafuta ya taa mkaja kwenye taa za LED na betri. Vizuri sana. Lakini dukani nani anajibu nini? Mteja anauliza, "Hii betri ni ya wati ngapi?" Muuzaji anajibu, "Volti kumi na mbili, kubwa hiyo." Wote wawili wamesema majina ya watu. Hakuna aliyesema kiasi.

Tupige hesabu pamoja. Una taa 4, kila moja wati 10. Jumla wati 40. Usiku wa giza unavua saa 10. Zidisha: wati-saa 400. Hicho ndicho chakula cha usiku mmoja. Betri ni ya volti 12. Gawanya 400 kwa 12, unapata ampea-saa 33 na kitu, yaani ampea za mkondo zikizidishwa kwa saa. Je, ununue betri ya ampea-saa 35? Hapana! Betri ya risasi na asidi ukiimaliza kabisa kila usiku, ndani ya miezi utaitupa. Tumia nusu tu. Kwa hiyo unahitaji ampea-saa 67 angalau, na dukani utachukua ya 70 au 75, au 100 kama mfuko unaruhusu. Ya kuichaji? Tuchukue jua zuri la saa 5 kwa siku: 400 gawanya kwa 5 ni wati 80. Ongeza kwa ajili ya upotevu, vumbi na mawingu ya masika, chukua paneli ya wati 120. Asubuhi, betri ikiwa imepumzika saa moja au mbili bila mzigo, pima. Ikisoma volti 12.7 imejaa. Ikisoma 12.1 iko karibu na nusu. Ikisoma 11.8 umeshaiumiza.

Haya, tumemtumia Watt, tumemtumia Volta, tumemtumia Ampère. Mbona taa ya mwisho kwenye waya mrefu bado inafifia? Hapo anaingia Georg Ohm, mwalimu wa shule aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827 na kupokelewa kwa ubaridi nchini mwake, hadi Waingereza walipompa nishani ya Copley mwaka 1841. Wati 40 kwa volti 12 ni ampea 3.3. Waya wako una urefu wa meta 10, lakini umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu meta 20. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba una ukinzani wa omu 0.23 kwa urefu huo. Zidisha kwa 3.3: unapoteza volti 0.76. Inavumilika. Lakini ukinunua ule waya mwembamba wa bei rahisi, wa milimita 0.5 za mraba, ukinzani unafika omu 0.69, na unapoteza volti 2.3. Betri imejaa, taa ni nzima, na mwisho wa waya zimefika volti chini ya 10.5. Mvuvi analaumu taa, anarudi dukani kugombana. Kosa liko kwenye waya. Nyumbani kwenye volti 230, wati 40 zilezile ni ampea 0.17 tu, kwa hiyo waya ule mwembamba usingeonesha tatizo hili. Ndiyo maana fundi wa majumbani, hata awe hodari namna gani, anaweza kukosea kwenye mtumbwi.

Jambo jingine: wati haipimi mwanga. Inapima umeme unaoliwa. Mwanga unapimwa kwa lumeni, na lumeni haikutoka kwa mtu yeyote. Taa ya LED ya wati 10 iliyo nzuri hutoa mwanga kama balbu ya zamani ya wati 60. Kwa hiyo boksi likiandikwa "wati 60" kwa herufi kubwa na chini kwa herufi ndogo "wati 9", umeme unaoliwa ni ule wa 9. Tafuta lumeni.

Na vijana wa pawabenki, ninyi mnasema, "Yangu ina 20,000, betri ya baba ina 7 tu." Sawa? Siyo sawa hata kidogo. Ya kwako ni milliampea-saa 20,000, yaani ampea-saa 20, lakini kwa volti 3.7. Zidisha, unapata wati-saa 74. Ya baba ni ampea-saa 7 kwa volti 12: wati-saa 84. Betri ya baba imekushinda. Jina moja peke yake halitoshi. Ampère bila Volta hajasema chochote.

Kwa mama mwenye friza ya barafu: uniti moja ya LUKU ni wati 1,000 kwa saa moja. Friza ya wati 150 ambayo kompresa yake inazunguka nusu ya siku inakula uniti 1.8. Mlango ukiwa haufungi vizuri, kompresa haipumziki, na uniti zinapanda hadi 3.6. Badilisha mpira wa mlango kabla ya kulalamikia mita.

Walimu, kuna jambo la kuandika ambalo naliona linakosewa kila mahali, hata kwenye vibandiko vya viwanda. Jina la kipimo lililotoka kwa mtu huandikwa kwa herufi ndogo, kwa sababu limeacha kuwa jina la mtu. Alama yake ndiyo inabaki kubwa: V, A, W, Hz. Kilowati-saa ni kWh. Ukiandika K kubwa umemwita Kelvin, na huyo anapima joto. Ukichanganya mW na MW, ya kwanza ni milliwati na ya pili ni megawati. Tofauti yake ni mara bilioni moja.

Wanabaiolojia wana desturi inayofanana. Mwaka 1985 watafiti wawili, Witte-Maas na Witte, walieleza kisayansi furu mmoja, samaki mdogo wa Ghuba ya Mwanza, dume wake mwekundu mgongoni mwenye milia myeusi ubavuni, wakampa jina la Mwalimu Nyerere: *nyererei*. Herufi ya kwanza ni ndogo. Leo wafugaji wa samaki wa mapambo Ulaya na Marekani wanalitamka jina hilo wakiulizana bei, wengi wao bila kujua ni la nani. Jenasi yake sasa inaitwa *Pundamilia*, kwa Kiswahili kabisa. Samaki huyo yupo kwenye maji yetu, kwenye miamba, na anahitaji maji maangavu ili majike watambue madume wao kwa rangi. Maji yakichafuka kwa udongo na taka za mjini, aina zinachanganyikana.

Nimefika kwa mtu niliyekuja hasa kumzungumzia.

Mwaka 1963, Shule ya Sekondari Magamba, huko Lushoto, kijana wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuchanganya na sukari, kuacha yapoe, ndipo yaingizwe kwenye friza. Nafasi kwenye friza ilikuwa haba. Mwenzake mmoja akaamua kutochemsha, akaweka yake mapema. Mpemba akaona nafasi inamponyoka, akaingiza maziwa yake yakiwa bado moto. Baada ya saa moja na nusu wakafungua. Ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake bado uji.

Akamuuliza mwalimu. Akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akakuta kwamba wauza aiskrimu wa mjini Tanga wanajua jambo hilo na wanalitumia kuwahi soko. Akaenda kidato cha tano Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Kuanzia hapo akikosea hesabu, darasa zima linasema hizo ni hesabu za Mpemba.

Mmesikia kilichotokea? Jina lake lilishageuka neno. Lilikuwa neno la kumcheka.

Kisha akaja Dokta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama akauliza: vyombo viwili vinavyofanana, maji kiasi sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, vyote vinaingia kwenye friza, mbona kile cha 100 kinaganda kwanza? Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Aliporudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta jibu kwamba maji ya moto yameganda kwanza kweli, lakini ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala pamoja. Dunia ikaanza kusema: athari ya Mpemba.

Aristotle aliligusia jambo hili, Francis Bacon naye, Descartes naye. Hakuna iliyobeba jina lao. Jina limekwenda kwa kijana aliyelipeleka swali kwa namna inayopimika: chombo gani, kiasi gani, nyuzi ngapi. Wenye maabara wakawa na kitu cha kukubaliana au kubishania, na kitu cha kubishania kinahitaji jina.

Na ubishi upo, sitauficha. Mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walipima upya na kusema hawakuona ushahidi wa maana kwamba maji ya moto hufikia nyuzi 0 mapema, na wakaonesha kwamba kusogeza kipimajoto kwa sentimeta moja tu ndani ya chombo kunaweza kuleta matokeo ya uongo. Upande mwingine, mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, huko Kanada, walionesha athari hiyo waziwazi, siyo kwa maji bali kwa punje ndogo sana inayoelea. Sasa wanafizikia wanasema athari ya Mpemba ya kwanta, yaani ya chembe ndogo kabisa, mahali ambapo hakuna maji wala aiskrimu. Jina limehama kama lilivyohama la Galvani. Hivyo ndivyo neno linavyokomaa.

Kwa nini basi mtoto wa Nyamagana anamjua Ohm na hamjui Mpemba? Hili linaniuma, nalisema wazi. Friza ziko kila mtaa hapa kwetu. Viwanda vya samaki vinagandisha minofu ya sangara hadi nyuzi 18 chini ya sifuri. Barafu inauzwa mwaloni kila alfajiri. Swali la Mpemba ni la mji huu kuliko mji wowote wa Tanzania, na halijibiwi kwa kusimulia tu.

Kwa hiyo walimu na wanafunzi, tujaribu, na tujaribu kwa uangalifu. Chukueni bika mbili, vile vikombe vya maabara, za mililita 100 zinazofanana kabisa. Kila moja iwekwe mililita 70 za maji yaliyotoka sufuria moja iliyochemshwa, ili hewa iliyoyeyuka ndani iwe sawa. Moja iingie ikiwa nyuzi 25, nyingine nyuzi 90. Chini ya kila bika weka kipande cha stairofomu, ule ubao mweupe mwepesi, wenye unene uleule. Usipoweka, bika ya moto itayeyusha utando wa barafu wa friza, itakaa kwenye chuma chenyewe na kupoa haraka kwa sababu isiyohusu swali lenu. Kipimajoto kikae kina kilekile katika bika zote mbili. Kabla ya kuanza, amueni "kuganda" ni nini: ni ukoko wa kwanza wa barafu, au ni bika nzima kuwa jiwe? Majibu ya maswali hayo mawili yanaweza kupingana. Maji mengine hushuka chini ya sifuri yakiwa bado maji, kisha yanaganda ghafla, kwa hiyo andikeni joto kila dakika 5 bila kuruka. Badilishaneni nafasi za bika katika jaribio la pili, maana kona moja ya friza huwa baridi kuliko nyingine. Pimeni maji tena mwishoni, mjue yale ya moto yamepoteza mililita ngapi kwa mvuke. Rudieni mara kumi angalau, na umeme ukikatika katikati, jaribio hilo lifutwe lote.

Andikeni kila tokeo, hata lile linalowakanusha ninyi wenyewe. Bika ziko mezani, nyuma ya ukumbi, pamoja na vipande vya stairofomu vilivyokwishakatwa. Kila shule ichukue mbili na isaini daftari. Asanteni sana.